UZI MAALUMU: Kiini cha atomi, mionzi na nusu-maisha kwa wanafunzi wa kemia

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu habari zenu. Nimeanzisha uzi huu kwa ajili ya wanaosoma kemia, hasa waliofika kwenye mada ya mionzi wakaiona imekaa peke yake, haishikani na kilichotangulia wala kinachofuata. Wengi huikariri tu: alfa punguza nne na mbili, beta ongeza moja, nusu-maisha gawa kwa mbili. Mtihani ukiuliza "kwa nini", kalamu inasimama. Mada hii ni tamu mno kuishia kukaririwa. Nitaieleza kwa vipande, na maswali ruksa wakati wowote.

Shikeni hili kabla ya yote. Kemia yote mliyosoma mpaka hapa, yaani atomi kuungana, asidi na besi, kutu, kuungua, ni mambo ya elektroni za nje. Kiini kinakaa katikati bila kuguswa. Kwenye mionzi mambo yanageuka: anayebadilika ni kiini, elektroni zinafuata baadaye. Kila ukikutana na swali, jiulize kwanza linahusu upande upi.

Sasa vipimo. Atomi ina upana wa takriban mita 10^-10. Kiini chake kina upana wa kati ya mita 10^-15 na 10^-14, yaani ni kidogo kuliko atomi yenyewe kwa makumi elfu ya mara. Lakini humo ndimo ulimo uzito karibu wote, zaidi ya asilimia 99.9, kwa sababu protoni moja ina masi ya elektroni kama 1,836. Hili halikujulikana kwa kukisia. Mwaka 1909 Geiger na Marsden, wakifanya kazi chini ya Rutherford, waliyapiga mabati membamba ya dhahabu kwa chembe za alfa (aina ya mionzi yenye chaji chanya, naieleza #4). Nyingi zilipita moja kwa moja, chache sana zikarudi nyuma. Rutherford alipiga hesabu, na mwaka 1911 akaeleza kwamba chembe kurudi namna ile kunawezekana tu kama chaji chanya yote imebanwa mahali padogo sana. Nyutroni ilichelewa kujulikana. Chadwick aliithibitisha mwaka 1932.

Namba ya atomi ni idadi ya protoni, nayo ndiyo inayoamua elementi ni ipi. Protoni 6 ni kaboni, hakuna mjadala. Protoni ukijumlisha na nyutroni unapata namba ya masi. Kaboni-12, kaboni-13 na kaboni-14 zote ni kaboni, zote zinaungua kuwa kaboni dayoksaidi, ila idadi za nyutroni zinatofautiana. Hizo ndizo isotopu.

Swali linalorukwa madarasani mara nyingi: protoni zote zina chaji chanya, zinasukumana, kwa nini kiini hakisambaratiki? Kuna nguvu nyingine, nguvu kali ya nyuklia, inayovuta protoni na nyutroni kwa pamoja. Ina nguvu kubwa kweli, lakini haifiki mbali. Chembe jirani tu ndizo zinazoshikana. Msukumano wa chaji unafika kila mahali ndani ya kiini. Kwa hiyo kadiri protoni zinavyoongezeka, kila moja inasukumwa na zote zilizobaki huku ikishikwa na majirani wachache tu. Nyutroni zinasaidia kwa sababu zinaongeza mvutano bila kuongeza msukumano. Angalieni namba: kaboni-12 ina protoni 6 na nyutroni 6, moja kwa moja. Risasi-208 ina protoni 82 na nyutroni 126, karibu moja na nusu kwa kila protoni. Juu ya bismuthi, elementi namba 83, hakuna hata moja yenye isotopu tulivu.

Kiini kisicho tulivu kinatafuta utulivu kwa kutoa kitu nje. Huo ndio unururifu.

#2 Mchangiaji

Mkuu hapo umeeleweka. Naomba kuuliza: nikichukua urani nikaichoma, au nikaiyeyusha kwenye asidi ikawa chumvi, mionzi yake itapungua? Kwenye kemia tumefundishwa kwamba joto linaongeza kasi ya kila mmenyuko.

#3 Mwanzisha uzi

Haitapungua wala kuongezeka. Swali lako ni zuri kwa sababu linatupeleka kwenye nishati.

Kaboni ikiungua inatoa kilojuli 394 kwa moli. Ukigawanya kwa idadi ya atomi unapata takriban elektronivolti 4 (elektronivolti ni kipimo kidogo sana cha nishati) kwa kila atomi. Hicho ndicho kiwango cha kemia, elektronivolti chache. Urani-238 ikitoa chembe ya alfa, nishati inayotoka ni elektronivolti milioni 4.27 kwa atomi moja. Joto la tanuru au asidi kali vinasogeza elektroni za nje tu, kiini hakihisi chochote. Ndiyo maana kasi ya mmenyuko wa kawaida inategemea joto, ila nusu-maisha ya urani, yaani muda wa nusu ya viini vyake kubadilika, ni ileile, iwe metali tupu, oksaidi au chumvi ndani ya maji.

Upo upenyo mdogo, nautaja kwa wanaopenda kuchimba. Berili-7 hubadilika kwa kiini kumeza elektroni ya ganda la ndani. Kwa kuwa elektroni inashiriki, hali ya kikemia ya berili inagusa kasi hiyo, lakini kwa kiasi cha asilimia moja hivi. Kwa mtihani na kwa kazi karibu zote za maabara, jibu ni kwamba kemia haibadilishi nusu-maisha.

#4 Mwanzisha uzi

Tuendelee na aina za mionzi. Becquerel aliigundua mwaka 1896 akichunguza chumvi za urani na bamba za picha. Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie wakatangaza poloniamu na radiamu. Rutherford akatofautisha alfa na beta mwaka 1899, Villard akaiona ile ya tatu mwaka 1900, ambayo baadaye ikaitwa gama.

*Alfa* ni kiini cha heliamu, protoni mbili na nyutroni mbili. Viini vizito ndivyo hupendelea njia hii, maana kwa mpigo mmoja vinapunguza protoni mbili.

U-238 (protoni 92) → Th-234 (protoni 90) + He-4 (protoni 2)

Namba za masi, zinazoandikwa juu: 234 + 4 = 238. Namba za atomi, zinazoandikwa chini: 90 + 2 = 92. Kila mlinganyo wa nyuklia lazima ulingane pande zote mbili. Sasa pimeni masi halisi, na hapa ndipo mimi hupaona patamu kuliko pote. Urani-238 ina masi 238.050788, thoriamu-234 ina 234.043601, heliamu-4 ina 4.002603. Jumlisha hizo mbili za mwisho unapata 238.046204. Kuna 0.004584 imepotea! Zidisha kwa 931.5 (elektronivolti milioni kwa kila kizio cha masi ya atomi) upate elektronivolti milioni 4.27, ileile niliyoitaja hapo #3. Masi iliyopungua ndiyo nishati inayoirusha alfa.

*Beta* hutokea kiini kikiwa na nyutroni nyingi kupita kiasi. Nyutroni moja inageuka protoni, na hapohapo inazaliwa elektroni inayoruka nje.

C-14 (protoni 6) → N-14 (protoni 7) + elektroni (−1)

Namba ya masi haiguswi, namba ya atomi inapanda moja. Kaboni imekuwa nitrojeni. Iwapo protoni ndizo zimezidi, hutokea kinyume: protoni inageuka nyutroni na positroni (kama elektroni, ila yenye chaji chanya) inatoka, kama florini-18 inayotumika kwenye picha za hospitali, au kiini kinameza elektroni kama tulivyoona kwa berili-7.

*Gama* si chembe yenye masi wala chaji, ni wimbi la nishati. Mara nyingi hufuata baada ya alfa au beta, kiini kipya kikiwa bado kimebaki na nishati ya ziada. Kobalti-60 inatoa beta, inakuwa nikeli-60 iliyosisimka, kisha hiyo nikeli inatulia kwa kutoa gama mbili, moja ya elektronivolti milioni 1.17 na nyingine milioni 1.33. Elementi haibadiliki kwa gama. Andikeni hilo, linaulizwa.

Kuhusu kupenya sitakaa sana: alfa inazuiwa na karatasi, beta na bati la alumini la milimita chache, gama inahitaji risasi au zege nene, na hata hapo inapunguzwa tu, haikatwi yote.

#5 Mchangiaji

Mkuu samahani, hapo kwenye beta panachanganya. Umesema kiini kina protoni na nyutroni peke yake. Sasa elektroni ya beta inatoka wapi? Ilikuwa imejificha ndani ya nyutroni?

#6 Mchangiaji mwingine

Naomba nimjibu huyu, nafundisha mada hii.

Haikujificha. Elektroni ya beta haikuwepo kabla. Inaundwa wakati uleule nyutroni inapogeuka protoni. Hata nyutroni iliyo peke yake nje ya kiini hufanya hivyo, nusu-maisha yake ni dakika kama 10. Na wala si moja ya elektroni zinazozunguka atomi, msizichanganye.

Kuna jambo jingine lililowasumbua wanasayansi. Alfa za urani-238 hutoka na nishati maalumu, lakini elektroni za beta hutoka na nishati za kila kiwango, kuanzia karibu sifuri hadi kikomo fulani. Ilionekana kama nishati inapotea njiani. Mwaka 1930 Pauli akapendekeza kwamba kuna chembe nyingine isiyo na chaji inayoondoka na nishati iliyobaki. Ndiyo inayoitwa nyutrino, au kwa beta hii tunayoizungumzia, antinyutrino. Reines na Cowan waliinasa mwaka 1956. Kwenye mlinganyo kamili wa kaboni-14 inatakiwa iandikwe, ingawa haibadilishi namba za juu wala za chini.

#7 Mchangiaji

Mbarikiwe. Nimejaribu swali hili: urani-238 inaishia risasi-206, je, zimetoka alfa ngapi na beta ngapi? Naanza na masi: 238 − 206 = 32, na alfa moja inachukua 4, kwa hiyo alfa 8. Alfa 8 zinapunguza protoni 16, 92 − 16 = 76. Risasi ni 82, kwa hiyo zimeongezeka 6, yaani beta 6. Niko sawa?

#8 Mwanzisha uzi

Uko sawa kabisa, na njia yako ndiyo yenyewe: anza na namba ya masi kwa sababu beta haiigusi.

Twende kwenye nusu-maisha. Tafsiri ya kawaida ni muda unaohitajika ili nusu ya viini vilivyopo vibadilike. Iodini-131 ni siku 8. Ukianza na gramu 80 za isotopu hiyo, baada ya siku 8 zinabaki 40, siku 16 zinabaki 20, siku 24 zinabaki 10, siku 32 zinabaki 5. Nazungumzia iodini iliyobaki. Ile nyingine haijatoweka, imekuwa zenoni-131.

Muda usipokuwa namba nzima ya nusu-maisha, tumieni N = N₀ × e^(−λt), ambapo N₀ ni viini vya mwanzo, N ni vilivyobaki baada ya muda t, na λ ni 0.693 kugawanya kwa nusu-maisha. Mfano: kipande cha mti wa kale kimebaki na asilimia 60 ya kaboni-14 yake, na nusu-maisha ni miaka 5,730. Logi asilia ya 1/0.6 ni 0.511. Gawanya kwa 0.693, zidisha kwa 5,730: takriban miaka 4,220.

Sasa hesabu inayounganisha mada hii na moli, ambayo kila mwanafunzi wa kemia anatakiwa aifanye walau mara moja kwa mkono wake. Gramu moja ya radiamu-226 inavunja viini vingapi kwa sekunde? Atomi zilizomo: 6.022 × 10^23 kugawanya kwa 226, sawa na 2.66 × 10^21. Nusu-maisha ni miaka 1,600, yaani sekunde 5.05 × 10^10, kwa hiyo λ ni 1.37 × 10^-11 kwa sekunde. Zidisha viwili hivyo: takriban 3.7 × 10^10 kwa sekunde. Hiyo ndiyo asili ya curie, kipimo cha idadi ya viini vinavyovunjika kwa sekunde. Becquerel moja ni kiini kimoja kwa sekunde, basi gramu moja ya radiamu ni becquerel bilioni 37 hivi.

#9 Mchangiaji

Mkuu, kuna kitu hakijakaa sawa kichwani. Kama baada ya siku 8 nusu imeondoka, kwa nini nusu nyingine isiondoke kwenye siku 8 zinazofuata? Na atomi ya iodini inajuaje kwamba zamu yake imefika?

#10 Mwanzisha uzi

Haijui, na hapo ndipo penye moyo wa mada yote. Kiini hakizeeki. Kiini cha radiamu kilichokuwepo kwa miaka 5,000 na kingine kilichozaliwa leo asubuhi vina uwezekano uleule kabisa wa kubadilika ndani ya mwaka ujao. Ni kama kurusha sarafu: sarafu iliyoangukia kichwa mara tatu mfululizo haina deni la kuangukia mwenge mara ya nne. Kila baada ya siku 8, kila kiini cha iodini-131 kilichobaki kina nafasi nusu kwa nusu, bila kujali kimeshapita mangapi. Kwa hiyo inaondoka nusu ya *kilichobaki*, si nusu ya kilichokuwepo mwanzo. Kiini kimoja huwezi kukitabiri. Viini bilioni bilioni unavitabiri kwa usahihi wa kushangaza.

Kwa nini basi nusu-maisha zinatofautiana sana? Kwa alfa, jibu lilipatikana mwaka 1928, Gamow upande mmoja, Gurney na Condon upande mwingine. Alfa ndani ya kiini imezuiwa na kizuizi cha nishati ambacho kwa fizikia ya kawaida isingeweza kukivuka. Kwa kanuni za kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo sana, ina nafasi ndogo ya kujitokeza upande wa pili, na nafasi hiyo hupanda kwa kasi isiyo ya kawaida nishati ya alfa ikiongezeka kidogo tu. Linganisheni: alfa ya urani-238 ina elektronivolti milioni 4.2 (sehemu ndogo ya zile 4.27 inakwenda kwa kiini kinachorudi nyuma), nusu-maisha miaka bilioni 4.5. Alfa ya poloniamu-212 ina milioni 8.8, nusu-maisha sehemu 0.3 za milioni moja ya sekunde. Nishati imeongezeka mara mbili tu!

#11 Mchangiaji wa #6

Niongezee pale kemia inaporudi, maana mwanzisha uzi alisema elektroni zinafuata baadaye.

Urani-238 ikiwa ndani ya mwamba, ikatoa alfa, kiini cha thoriamu kinarudishwa nyuma kama bunduki inavyorudi. Nishati ya kurudi huko ni takriban elektronivolti 72,000, wakati bondi inavunjika kwa elektronivolti chache. Atomi mpya inang'oka mahali pake. Halafu, protoni zake zikiwa 90 badala ya 92, elektroni zinajipanga upya, na kuanzia hapo ina tabia za thoriamu, si za urani tena.

Fuateni mnyororo huo mpaka radiamu-226. Radiamu iko kundi moja na kalsiamu, na ndiyo maana ikiingia mwilini inakwenda kwenye mifupa. Hilo liliwaumiza vibaya wasichana waliopaka rangi ya radiamu kwenye saa huko Marekani miaka ya 1910 na 1920; walikuwa wakinyoosha ncha za brashi kwa midomo. Kemia ndiyo iliyoifikisha mfupani, kiini ndicho kilichofanya madhara.

Radiamu-226 ikitoa alfa inakuwa radoni-222, gesi adimu isiyoungana na chochote kirahisi. Kitu kilichokuwa kimefungwa ndani ya madini sasa kinaponyoka kwenye nyufa na kupanda hewani. Nusu-maisha yake ni siku 3.8, kisha inakuwa poloniamu-218, ambayo si gesi, inang'ang'ania vumbi, na vumbi linavutwa mapafuni. Mtu akikwambia alfa haina hatari kwa kuwa inazuiwa na karatasi, mwambie hiyo ni alfa iliyo nje ya mwili.

#12 Mchangiaji

Swali la mwisho kwangu. Kitu kikipigwa na mionzi, nacho kinaanza kutoa mionzi? Naona watu wanaogopa hata vifaa vya hospitali vilivyosafishwa kwa gama.

#13 Mwanzisha uzi

Kwa gama ya kobalti-60, hapana. Inasukuma elektroni, inavunja bondi, inaua vijidudu, ila viini vya kifaa vinabaki vilevile. Kifaa hicho ni salama. Hatari tofauti ni vumbi au kimiminika chenye mionzi kubaki juu ya kitu. Hapo chanzo chenyewe kimehamia kwako.

Nyutroni ni habari nyingine. Haina chaji, haisukumwi, inaingia ndani ya kiini. Kobalti-59 ya kawaida ikimeza nyutroni moja inakuwa kobalti-60, na ndivyo inavyotengenezwa kwenye vinu vya nyuklia.

Na kuna mfano wa alfa ambao kila mkemia anapaswa kuujua. Mwaka 1934 Irène Joliot-Curie na Frédéric Joliot waliipiga alumini kwa alfa za poloniamu. Walipoondoa chanzo, alumini ikaendelea kutoa positroni kwa dakika kadhaa. Hebu mtu aandike mlinganyo.

#14 Mchangiaji wa #7

Al-27 (13) + He-4 (2) → juu jumla 31, chini jumla 15. Elementi 15 ni fosforasi. Kama ni fosforasi-30 basi imetoka nyutroni moja. Halafu P-30 (15) → Si-30 (14) + positroni (+1).

#15 Mwanzisha uzi

Safi sana. Ila walihitaji kuthibitisha kwamba ni fosforasi kweli, na nusu-maisha yake ni dakika mbili na nusu tu. Waliiyeyusha ile alumini ndani ya asidi hidrokloriki. Alumini ikabaki kwenye mmumunyo, fosforasi ikatoka pamoja na haidrojeni kama gesi ya fosfini, nao wakaikusanya kwenye mrija. Mionzi ilikuwa kwenye mrija. Kwenye alumini haikuwepo tena. Kazi hiyo iliwapatia Nobel ya mwaka 1935, na iliyotolewa ilikuwa ya kemia.

Wenye maswali ya mlinganyo yawekeni hapa chini pamoja na hatua zenu, tutayapitia moja moja.